Lengelenge Kwenye Unyayo wa Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Cecilia alikagua miguu ya bibi yake uani kwao Miyuji. Bibi aliugua kisukari, na nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuinama, kutazama nyayo na katikati ya vidole, kisha kumwambia mama, "Salama."

Lakini Julai ile baridi ya Dodoma ilikata masikio, na wenzake walimsubiri njiani. Siku tatu mfululizo Cecilia alisema "Salama" bila kuinama.

Siku ya nne aliinama. Kwenye unyayo wa kulia palikuwa na lengelenge kubwa lililopasuka.

"Bibi, umeungua!"

"Wapi? Mbona sisikii kitu?" Bibi akajipinda kutazama. "Aa, nilikuwa naota moto wa jiko. Miguu ilikuwa baridi kama ya chura. Lete dawa ya mswaki tupake, mke mwenzangu. Mama yako asijue."

"Kwa nini asijue?"

Bibi hakutania tena. "Mzee Elieza wa kwetu Mlali alianza na kidonda hivihivi. Alikwenda hospitali na miguu miwili, akarudi na mmoja."

Cecilia akawaza. Akisema, huenda bibi akakatwa mguu, na uongo wake utafichuka. Akinyamaza, je?

"Vipi miguu ya bibi yako?" mama aliita kutoka jikoni.

Jibu la kila siku lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Si salama, mama. Na jana sikuangalia. Wala juzi, wala siku ya kabla yake."

Mama alimkazia macho, lakini hakupoteza muda kwa maneno. Alikodi bajaji, wakaenda zahanati wote watatu.

Muuguzi Anyitike alikisafisha kidonda huku Cecilia akimweleza yote.

"Mmewahi," muuguzi akasema hatimaye. "Kitapona."

"Hamkati?" bibi aliuliza. "Mbona Elieza mlimkata?"

"Alikaa na kidonda muda gani, bibi?"

Bibi akainamisha kichwa. "Tangu mavuno mpaka mvua."

"Basi kilichomkata ni kuchelewa. Haya, niambie, baridi ikirudi utafanya nini?"

"Nitavaa soksi. Jiko nitaliachia ugali."

Muuguzi alicheka, kisha akamgeukia Cecilia.

"Na wewe, binti, umefanya vema kusema kweli, ingawa umechelewa siku tatu. Mguu wa bibi yako hauwezi tena kulia ukiumia. Macho yako ndiyo yanayoulilia. Ukidanganya, umeuziba mdomo."