Ujumbe Ulioishia Bondeni

Kila siku baada ya masomo, Saada alishuka mtoni, akateka maji, kisha akapanda kilima na ndoo kichwani hadi nyumbani kwao. Kijiji chao kilikuwa juu katika milima ya Uluguru, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mjini Morogoro. Alikuwa darasa la tano, na kwa rede, mchezo wa kukwepa mpira, hakuna msichana aliyemweza.

Mwaka ule mvua zilikuwa haba na chakula kilipungua. Ijumaa moja Bwana Shamba alileta mbegu za mahindi, akazigawa mkutanoni. Mahindi yale yalikuwa mekundu kwa sababu yalipakwa sumu ya wadudu. Wazee wa ng'ambo ya mto hawakuja. Mbegu zao walipelekewa na vijana walioondoka kabla Bwana Shamba hajaeleza habari ya sumu.

Mwalimu Gabrieli alipopata habari hiyo, alimwita Saada.

"Nenda ng'ambo kwa Bibi Mosi na majirani zake wawili. Waambie mbegu zina sumu. Ni za kupanda tu. Hata wakiziosha, wasizile. Kisha urudi uniambie."

"Ndiyo, Mwalimu."

Rafiki yake Asha alikuwa ameshashika mpira wa matambara. "Nenda tu, bingwa," alimwambia. "Leo nitakushinda hata bila wewe kuwepo."

Saada alifika ukingoni, akatazama njia ya kushuka, halafu ile ya kupanda upande wa pili. Akaona ni mbali.

Milimani watu huitana kutoka kilima hadi kilima. Unaweka viganja mdomoni, unalivuta jina la mtu, naye hujibu, "Huuu." Akishajibu, mnashuka wote wawili, mnakutana mtoni na kuzungumza. Mwito huvuka bonde, lakini maneno humezwa na maji yanayoporomoka juu ya mawe. Watoto wote wa pale wanalijua hilo. Saada naye alilijua.

Hata hivyo alisimama palepale, akaita, "Bibi Mosiiii!"

"Huuu," ikajibu sauti ng'ambo.

Saada akapaza sauti, akausema ujumbe wote tangu mwanzo hadi mwisho. Akanyamaza, akasikiliza.

"Huuu," ikajibu sauti tena.

Akarudi shuleni mbio.

"Umefikisha?" Mwalimu Gabrieli alimwuliza.

"Nimefikisha, Mwalimu. Bibi Mosi ameitikia."

Kuitikia alikuwa ameitikia kweli, kwa hiyo Saada hakuona kama amesema uongo. Alicheza rede mpaka jua likazama.

Kesho yake asubuhi mama yake alimtuma ampelekee Bibi Mosi chumvi. Alipoingia uani, alisimama ghafla. Kuku wawili walikuwa wamelala wafu, na wa tatu alikuwa akizunguka huku shingo imempinda. Karibu na kinu palikuwa na beseni la maji mekundu. Chungu kilikuwa jikoni, kinachemka.

"Shikamoo, Bibi," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Sijui kuku wangu wamepatwa na nini. Nimewatupia punje chache tu za mahindi."

"Bibi, mahindi gani?"

"Haya ya serikali. Nimeyaosha mara tatu mpaka rangi ikatoka. Sasa nayachemsha."

Saada alikiepua chungu, akakimwaga chini. Bibi Mosi alimtazama kama mtu aliyeona mwizi.

"Wewe mtoto, una wazimu? Tangu jana hatujala."

"Yana sumu, Bibi. Nilikuambia jana. Nilikuita, ukaitika."

"Niliitika jina langu. Ulipopaza sauti tena nilisikia kelele tu, nikajua unanihimiza, nikaitika. Kisha nikashuka hadi mtoni, nikakungoja, hukuja."

Ndipo Bibi Mosi akageuka polepole, akatazama ukutani alipokuwa amechuchumaa mjukuu wake wa miaka minne.

"Stambuli," alisema. "Nilimkaangia kiganja kimoja. Alikuwa analia njaa."

Mate yalikuwa yakimtoka Stambuli, na mikono ikitetemeka. Bibi Mosi alimfunga mgongoni kwa kanga, akashika njia ya zahanati. Saada alikimbilia nyumba mbili za jirani. Kwa Mzee Dadi mbegu zilikuwa bado zimefungwa. Kwa Mama Bernadeta zilikuwa ndani ya kinu, mchi umeshainuliwa; Saada akaudaka, akamweleza.

Alipofika zahanati, Mwalimu Gabrieli, aliyemwona Bibi Mosi akipita mbio, alikuwa amekwishafika. Saada alimweleza yote, pamoja na rede. Wakakaa kwenye benchi wakingoja. Jua lilikuwa linainama mganga alipotoka kwenye mlango wa chumba.

"Mtoto amelala vizuri sasa," alisema. "Angekula kile kilichokuwa chunguni, tungekuwa tunasema mengine. Bibi yake pia."

Saada alilia. Mwalimu alimwacha mpaka akamaliza, kisha akachora udongoni kwa kijiti duara mbili, na mstari kutoka moja kwenda nyingine.

"Huyu ni wewe, huyu ni Bibi Mosi, na mstari ndio habari yako. Wewe uliishia hapa." Akachora mstari wa pili, unaorudi. "Huu hukuungoja. Mtu akiitika, amekujulisha kwamba amesikia sauti. Mpaka akueleze kwa kinywa chake ulilomwambia, usihesabu kwamba habari imefika. Na mimi nina kosa. Ulisema ameitikia, nami sikukuuliza alijibu nini."

Bibi Mosi alikuwa ametoka, akasimama nyuma yao.

"Saada," alisema, "niambie sasa ulichotumwa jana."

Saada alisema yote, akipangusa macho. Bibi Mosi alisikiliza hadi mwisho.

"Mbegu zina sumu," alirudia taratibu. "Ni za kupanda tu. Hata nikiziosha, nisizile. Ndivyo?"

"Ndivyo, Bibi."

"Haya. Sasa nimeambiwa."