Kumi na Sita Ni Sita

Skrubu ilidondoka kutoka darini, ikatua katikati ya karata kwenye meza ya bakara. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana, kasino imejaa hadi mlangoni. Watu wakatazama juu. Kwenye ngazi alisimama fundi wa viyoyozi, ovaroli ya buluu, uso umelowa jasho.

"Samahani, dada."

"Skrubu haina pointi hapa," alijibu mgawa karata. "Shuka uichukue kabla sijaihesabu."

Meza nzima ilicheka. Binti huyo alivaa kizibao cheusi na shati jeupe lililonyooka kwa pasi. Fundi alishuka kuchukua skrubu, akaondoka na namba ya simu.

Basi ikawa simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, malkia wangu?"

"Malkia kwenye bakara ni sifuri. Nitafutie jina lingine."

Sasa sikia mambo ya wakubwa. Aliletwa meneja mpya, muuza vigae, hajawahi kushika karata maishani. Sifa yake moja: shemeji wa mwenye kasino. Ndio wanaotuongoza hao, kila mahali.

Ijumaa moja upande wa mchezaji ulipata tisa na saba, upande wa pili, uitwao benki, tatu na nne. Mgawa karata akatangaza: "Benki imeshinda, saba kwa sita." Akakusanya karata. Mteja mmoja aliyeweka dau kwa mchezaji akapiga meza, akidai kaibiwa. Meneja akaja mbio, akamwona fundi juu ya ngazi, akihangaika tena na kiyoyozi.

"Wewe fundi huko juu! Mchezaji alikuwa na nini?"

Fundi, akidhani anamsaidia mpenzi wake, alijibu kwa sauti: "Tisa na saba, bosi. Nimeziona kwa macho yangu."

"Kumi na sita! Halafu saba ndiyo ishinde? Dada, nenda nyumbani. Jumatatu uje usaini barua ya kuomba radhi, la sivyo kazi huna."

Waliojua walinyamaza. Nani amsahihishe shemeji wa tajiri? Binti akatazama kwenye ngazi, akingoja neno. Halikuja.

Jioni fundi alipiga simu. "Mpenzi, kila mtu hukosea. Saini tu, yaishe."

"Kumbe hata wewe?" Akakata.

Siku mbili hakupokea. Asiyewahi kununiwa na mpenzi hajui kimya cha namna hiyo kinavyokaa nyumbani. Jumapili fundi akaandika ujumbe: "Nifundishe kuhesabu." Simu ikaita papo hapo.

"Sikiliza, kichwa kigumu. Ree, ile yenye A, ni moja. Mbili mpaka tisa, zihesabu zilivyo. Kumi na zenye picha, sifuri. Jumla ikivuka tisa, tupa kumi, shika kinachobaki. Hakuna pointi inayozidi tisa. Haya, tisa na saba?"

"Kumi na sita... natupa kumi..." Fundi akashusha pumzi. "Sita. Mama yangu! Ulikuwa sawa."

"Miaka saba nagawa, sijawahi kukosea hata mkono mmoja. Sisaini, na kazi waichukue."

Jumatatu aliingia ofisini kwa gauni la kijani, kichwa juu. Tajiri alikuwepo, meneja kando yake, barua mezani. Kabla hajaketi, mlango ukafunguliwa. Fundi, na ovaroli yake.

"Nani kakuita?" meneja alifoka.

"Mimi ndiye shahidi wenu, na ushahidi wangu ulikuwa nusu." Akaweka karata nne juu ya barua, akahesabu moja moja, akatupa kumi. "Sita kwa saba. Huyu hakukosea. Tuliokosea ni mimi na wewe."

Tajiri alimgeukia shemeji yake. "Hukujua hata hili?" Akaichana barua. "Binti, rudi kazini."

"Nitarudi nikiombwa radhi," alisema mgawa karata. "Pale pale mezani, mbele ya wateja."

Mchana huo meneja aliomba radhi, akimumunya maneno. Kiti chake hakupoteza, wa namna yake hawapotezi. Lakini meza nzima ilimpigia binti makofi, naye akafungua karata mpya bila kumtazama meneja.

Kazi ilipoisha, fundi alimngoja nje.

"Nataka kukuoa."

"Mwanamume aliyeninyamazia hadharani?"

"Na aliyerudi kusema hadharani."

Akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, taratibu, kisha akamkabidhi mkoba wake abebe.

"Jumapili, kwetu. Baba atakuuliza kwa nini mimi. Usijibu nusu."