Bwana Kaza na Sampo Iliyovuja

Katika nyumba ile, kufungua kopo la sukari kulihitaji watu wawili. Mmoja alishika kopo. Mwingine alizungusha kifuniko huku amekunja uso. Yote hayo yalitokana na baba mwenye nyumba, ambaye majirani walimwita Bwana Kaza. "Mimi nikifunga, nimefunga!" alijisifu.

Mkewe alikuwa dereva wa lori. Kila asubuhi alikusanya maziwa ya wafugaji na kuyapeleka kiwandani, ng'ambo ya mlima. Lori lilikuwa la gia otomatiki, na ndilo lililowalisha. Mke aliliendesha, mume alilitengeneza.

Asubuhi moja, mke alikuwa katikati ya mlima. Alikanyaga mafuta. Injini ilinguruma, lakini lori halikwenda. Likaanza kurudi nyuma! Nyuma yake kulikuwa na watu wanaotembea kwa miguu. Alikanyaga breki kwa nguvu zote na kuvuta breki ya mkono. Lori likasimama.

Maziwa yalihamishiwa gari jingine, na lori likavutwa hadi nyumbani.

"Baba watoto, leo nimeponea chupuchupu," mke alisema. "Sipandi tena mlima ule mpaka nijue lori hili lina nini."

Bwana Kaza aliingia chini ya lori. Oili nyekundu ilikuwa inadondoka kwenye sampo, lile karai la bati lililofungwa chini ya giaboksi.

"Haiwezekani!" alisema. "Juzi tu nimebadilisha oili. Nimepaka sampo silikoni tele, ile gundi ya kuziba, nimekaza bolti mpaka jasho limenitoka. Ngoja niongeze kukaza."

"Wewe, usiguse!" mke alisema. "Namwita Bibi Fundi."

Bibi Fundi alikuwa jirani yao. Alitengeneza mabasi kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alikuja na miwani yake na kikapu cha spana.

"Shikamoo, bibi," mke alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa mshtuko. Na wewe Bwana Kaza, leo umemkaza nani?"

Hata mke, pamoja na hasira zake, alicheka.

Bibi alitaka lori liwe mahali tambarare. Walizuia magurudumu kwa magogo, wakainua lori na kuliweka juu ya stendi. "Jeki peke yake usiiamini hata siku moja," alisema. Kisha wakasubiri oili ipoe, maana ikiwa ya moto inaunguza vibaya.

Walipoishusha sampo, Bibi aliwaita. Ndani mlikuwa na vipande vya silikoni, virefu kama tambi. Vingine vilikuwa vimeziba filta.

"Mnaona? Silikoni ikizidi, inasukumwa ndani na kukatika. Lori hili linasukumwa na oili inayopita kwenye giaboksi. Oili yenu nusu imevuja, na iliyobaki haikupata njia. Ndiyo maana injini ilizunguka bure."

Aliilaza sampo juu ya kipande cha kioo. Ukingo wake ulikuwa umepindapinda kwenye matundu ya bolti. "Na hapa ulikaza mno. Ukibana hapa kupita kiasi, pale panaachia. Ndipo oili ilipotokea."

Bwana Kaza aliinamisha kichwa.

"Nilikaza kwa sababu ni yeye anayekaa mle ndani," alisema kwa sauti ndogo. "Sikutaka livuje hata tone."

Mke aliposikia hivyo, hasira zote zilimwisha. Alimshika bega.

"Nia yako njema, mwanangu," Bibi alisema. "Sasa tuupunguzie mkono nguvu."

Sumaku ndogo ndani ya sampo ilikuwa na tope laini la kijivu. "Hili ni kawaida," Bibi alisema. "Tungekuta vipande vya chuma, tungelia: giaboksi ingekuwa imesagika." Mke alishukuru Mungu kwa sauti.

Bwana Kaza alinyoosha ukingo kwa nyundo ndogo, taratibu, juu ya ubao. Alikwangua gasketi ya zamani, ule utepe wa kuziba maungio, kwa kikwanguo cha plastiki, asikwaruze chuma. Akafuta pande zote mbili mpaka zikakauka kabisa. Walifunga filta mpya na kuandaa gasketi mpya. Kisha akachukua silikoni.

"Rudisha!" Bibi alisema. "Gasketi hii inawekwa kavu. Sampo isiyo na gasketi ndiyo hupakwa silikoni, tena uzi mwembamba. Kitabu cha lori kitakuambia."

Mke alisoma kitabuni aina ya oili na kipimo cha kukaza. Bolti zote zilianza kufungwa kwa vidole. Kisha Bwana Kaza akashika spana ya kipimo. Alianzia katikati, akaenda upande huu na upande ule, kidogo kidogo.

"Ikilia tak, imetosha, acha," Bibi alisema.

Spana ikalia tak. Mkono wa Bwana Kaza ukataka kuendelea.

"Acha!" wanawake wote wawili walisema. Akaacha, huku anacheka.

Walitia oili sahihi, wakashusha lori na kuwasha injini. Mke alikanyaga breki, akapitisha gia zote polepole. Injini ikiwa imepata moto na bado inawaka, Bibi alisoma kijiti cha oili, kama kitabu kilivyosema. Waliacha boksi la karatasi chini ya lori. Mpaka jioni lilikuwa kavu.

Kesho yake walilijaribu kwanza bila mzigo. Keshokutwa mke alipanda mlima na maziwa yake, mumewe kando. Kule juu Bwana Kaza aliingia chini ya lori na kitambaa cheupe, akaifuta sampo. Alitoka nacho kikiwa cheupe vilevile.

Waliporudi walimpelekea Bibi Fundi maziwa. "Bibi, asante sana," Bwana Kaza alisema, machozi yakimlengalenga. "Ningempoteza mke wangu kwa mikono yangu mwenyewe."

Jioni ile mke alipika chai. Alishika kopo la sukari, akakunja uso kama kawaida. Kifuniko kikafunguka kwa vidole viwili. Alimgeukia mumewe kwa mshangao.

"Kililia tak," Bwana Kaza alisema, "nikaacha."