Nani Atamjibia Fondo?

Kiatu cha kushoto kilikuwa mkononi mwa Suad. Cha kulia kilikuwa mkononi mwa mwanamume asiyemjua, upande wa pili wa rundo la mitumba, katikati ya soko la Kongowea lililofurika watu hata pa kukanyaga hapana.

"Kaka, hicho changu," alisema Suad, akiurudisha kichwani mtandio wake wa zambarau.

"Nami natafuta hicho chako. Namnunulia dadangu. Lakini wallahi, naona mguu wako ndio uliokitangulia."

"Mguu wangu umeuona saa ngapi wewe?"

"Nisamehe. Nilikuwa natafuta kiatu."

Suad alicheka, akaondoka na jozi yake. Jumatatu aliingia chuoni kuitathmini kozi ya uongozi, kazi aliyopewa na wafadhili, na mwalimu aliyesimama mbele, shati jeupe limenyooshwa pasi, alikuwa yule yule. Imad, mtoto wa Likoni. Kabla ya kumsalimu Suad, alivitazama viatu vyake miguuni.

Wako watu hupendana kwa hadhari. Hawa wawili hawakuijua hadhari.

"Umekula, mahabuba?"

"Nitakulaje, nawe hukati simu?"

"Kata wewe."

"Mimi? Thubutu!"

Kozi nayo ilimridhisha Suad. Vijana walioingia wakitazama sakafu sasa walisimama na kusema yaliyo moyoni. Imad alikuwa ameweka desturi moja: kila mwanafunzi ana pacha wake, na jina likiitwa, pacha ndiye ajibuye. Mwenzako asipokuwapo, sharti useme aliko.

"Huwezi kumwongoza mtu usiyejua alipo," aliwaambia.

Ila jina la mwisho lilikuwa la Fondo kila mara. Darasa lilinyamaza, na mwalimu akajijibu mwenyewe: "Yuko njiani." Fondo hakufika. Kiti chake karibu na dirisha hakikukaliwa na mtu, na pazia la hapo lilitikisika hata siku ambazo upepo haukuwapo. Suad alilitazama pazia lile, kisha akafikiri kama wanavyofikiri watu wa kazi yake: huyu ni mwanafunzi hewa.

"Imad, Fondo ni nani? Mnajaza idadi?"

Uso wa Imad ulibadilika. "Hivyo ndivyo unijuavyo?"

"Basi niambie aliko."

"Nimesema yuko njiani. Ukiniona mwongo, andika!"

Tangu hapo hakupokea simu zake. Suad alilia, kisha akajikasirikia kwa kulia.

Aliamua kuumaliza ubishi. Aliuliza njia mpaka Mishomoroni, nyumbani kwa kina Fondo, akapokewa na mama mtu, Kafedha.

"Shikamoo, mama. Natoka chuoni kwa Imad. Namtafuta Fondo."

"Marahaba, mwanangu. Hata mimi namtafuta."

Kafedha alisimulia taratibu. Kabla Suad hajaja chuoni, Imad aliwapeleka wanafunzi Shelly Beach. Msichana mmoja akazidiwa na maji, Fondo akajitosa. Msichana alitoka. Fondo hakutoka, na bahari haijamrudisha hata leo. Pacha wake alikuwa Imad mwenyewe, kwa kuwa darasa halikutimia jozi, na saa ile Imad alikuwa barabarani akiwanunulia viazi karai.

"Kila Ijumaa huja kunitazama. Nikitaja matanga, asema, 'Mama, yuko njiani.' Nami nasikia mlango wabishwa. Nikienda, hapana mtu. Mwanangu hapumziki, nami sipumziki. Kumkaripia Imad siwezi, amekuwa mwanangu. Mwambie wewe, mama. Nataka kumlilia mtoto wangu."

Suad alimkuta Imad mlangoni mwa darasa.

"Nisamehe. Nimetoka kwa Mama Kafedha."

Imad aliegemea ukuta. "Nikisema hayupo, Suad, nimemuua mimi. Nilikuwa pacha wake na sikujua alipo."

"Siku ile hukujua. Leo wajua, na mamake angoja umjibie."

Imad aliingia. Aliita majina, pacha wakajibu mmoja mmoja, mpaka likabaki lile moja.

"Fondo."

Pazia lilitikisika. Imad alikigeukia kile kiti.

"Fondo yuko baharini," alisema. "Harudi."

Akalia mbele ya wanafunzi wake bila kujificha, nao wakalia naye. Pazia lilitulia.

Matanga yakawekwa Mishomoroni. Suad aliwamiminia watu chai, na katika ripoti yake aliandika kwamba kozi ile inakuza watu, mwalimu akiwa mmoja wao. Kafedha alisema mlango haubishwi tena, akaanza kulia upya, maana hata kule kubishwa alikuwa amekuzoea.

Imad alimsindikiza Suad hadi barabarani.

"Sasa sina pacha. Siku nikiitwa, nani atasema niko wapi?"

"Posa ilete kwa baba, Kisauni," alisema Suad. Kisha akamshika mkono, akaukaza. "Nitakujibia mimi. Lakini, Imad, uwe pale nitakaposema upo."