Inchi za Paja la Masalu

Siku aliyosimama Masalu mbele ya cherehani ya Kalista, soko la Mazwi lilikuwa limefurika, na upepo wa Julai ulipeperusha vitenge kama unavitafutia mnunuzi. Kijana mrefu, koti la jinzi la mtumba, kofia ya pama, magongo mawili kwapani.

"Dada, nipunguzie suruali. Mguu mmoja tu, wa kushoto."

Kalista akacheka mpaka uzi ukamkatikia. "Kaka, hapa tunashona, hatuchezi."

"Basi pima."

Akapima. Paja la kulia inchi ishirini na mbili, la kushoto kumi na tisa. Kicheko kikamwishia. Masalu akamweleza: tela la ng'ombe lilimlalia kule kwao Milepa, bondeni, akakaa miezi minne ndani ya plasta. Sasa kafikia kwa shangazi yake Kizwite, anatibiwa kwa mashine ya umeme katika kliniki ya mtu binafsi, zile zilizoanza kuchipuka mjini baada ya biashara kuachiwa huru.

"Wanakubandika vijiraka pajani, wanawasha, nyama inaruka yenyewe. Mimi nimelala tu kama chifu."

"Na umeme ukikatika, chifu?"

"Naamka, nakuja kwako."

Akaja kweli, siku baada ya siku, mpaka majirani wakaacha kuuliza. Posa ikapelekwa, ikapokelewa. Ila baba yake Kalista, Mfipa wa maneno machache, akaweka sharti: ng'ombe wa mahari waswagwe na mwoaji mwenyewe, kwa miguu, kutoka bondeni hadi juu ya mlima wa Lyamba lya Mfipa, kabla ya mvua.

"Binti yangu simpi mtu wa kubebwa," alisema.

Ndimyake, mtaalamu wa viungo pale kliniki, akamwambia Masalu wazi. "Mashine iliuamsha msuli ulipokuwa hausikii amri yako. Sasa unasikia. Ufanyishe kazi mwenyewe."

Kalista akashona kifuko cha mabaki ya vitenge, akakijaza mchanga. Kila jioni alikifunga kwenye kifundo cha mguu wa Masalu, naye akakaa kwenye stuli, akaunyoosha mguu huku anauma meno.

"Kumi nyingine, mpenzi."

"We mwanamke ni polisi?"

"Polisi angekuhurumia."

"Mashine haiumi hivi, Kalista."

"Mashine ina kazi yake. Hii ni yako."

Wiki tano zikapita. Jioni moja Masalu akasema, bila kumtazama, kwamba heri baba yake Kalista atafute mkwe mwingine. Kalista akazungusha futi kamba pajani. Kumi na tisa na nusu. Akainua macho, akaona jinsi mwenzake anavyomsubiri, midomo imemkauka.

"Ishirini na moja na nusu," akasema.

Masalu akarusha gongo moja uani, kuku wakatawanyika. Tangu siku ile hakugusa tena kifuko, wala kliniki hakwenda. Mguu si umerudi? Kalista alimwangalia, akajiambia atamweleza kesho. Kesho ikazaa kesho.

Siku moja simu ikalia katika duka la jirani yake, Felisiani. "Kalista, wako huyo!"

"Mchumba, napanda gari sasa hivi kushuka Milepa. Jumamosi naswaga ng'ombe."

"Mapema hivyo?"

"Si umenipima mwenyewe?"

Felisiani na wateja wawili walikuwa wametega masikio. Kalista akawageuzia mgongo.

"Safari njema," akasema.

Jumamosi ng'ombe walifika. Masalu hakuwemo. Dada yake, Kija, alitangulia mbele ya kundi, kanga imejaa vumbi.

"Wifi, kona ya tatu goti lilikataa. Kaanguka mbele ya wadogo zake. Wamembeba kwa baiskeli, wamempeleka Kizwite."

Baba akawatazama ng'ombe. "Nilisema wa kubebwa simtaki. Warudisheni kesho."

Kalista akakimbia Kizwite. Goti lilikuwa limevimba kama boga. Akapiga magoti kando ya kitanda, akasema yote.

"Niliona umekata tamaa, Masalu."

"Ile mashine ilinitekenya tu, haikunisifu. Wewe ulinisifu mpaka nikaanguka."

"Nisamehe."

"Nenda nyumbani."

Hakubishana. Alirudi, akaingia walipokaa wazee na wageni wa Milepa, akapiga magoti. "Baba, kosa si la mguu wake. Ni la mdomo wangu. Alikuwa hajapona, mimi nikamwambia amepona." Mama yake akajifunika uso kwa kanga.

Baba akawageukia wageni. "Basi aibu ni ya nyumba hii," akasema. "Ng'ombe wabaki. Apande kwa miguu kiangazi kijacho. Lakini atapanda."

Wiki tatu zikapita bila salamu. Kalista alishona sare za shule, kila simu ya Felisiani ikilia sindano inapotea njia. Hatimaye akaitwa kwenye simu.

"Nimesikia uliyosema mbele ya wazee," Masalu alisema.

"Ndiyo."

"Ndimyake anasema nianze upya. Msuli umegoma tena. Mashine kidogo, ukishaamka ni mazoezi."

"Sawa."

"Kalista, kiangazi nitaweza?"

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, tamu, jepesi. Kalista akalimeza.

"Sijui, Masalu."

Waya ukavuma. Alidhani Masalu amekata simu.

"Basi njoo leo," sauti ikasema. "Nikihesabu peke yangu, naruka namba."