Nguzo ya Jabali Jeusi

Arletta Maycock hakuiona ardhi ikibadilika rangi. Macho yake yalikuwa upande wa pili, kwenye mifuo miwili iliyochimbwa na magari ya maksai zamani za babu wa babu yake, wahamiaji walipokuwa wakilikata jangwa la Nevada kuelekea magharibi. Aliitazama kwa mapenzi yale yale ya kila mwaka. Ndiyo maana hakuona kwamba mbele ya pikapu weupe wa uwanda wa magadi ulikuwa umeingia ukijivu, dalili ya tope chini ya gamba kavu.

Kila theluji ilipokwisha kuyeyuka, yeye, mumewe Thurl na wifi yake Nola walikuja kuipaka rangi nguzo ya chuma ambayo chama chao cha kuhifadhi njia ya wahamiaji kilikuwa kimeisimika kando ya mifuo hiyo. Kanuni kuu ya chama ilishikwa kama amri ya Mungu: gurudumu la leo lisiikanyage mifuo ile. Safari hii mafuriko yalikuwa yameila barabara ya kandokando. Thurl angeweza kupita juu ya mifuo kwa mwendo mfupi, kisha akarudi barabarani. Lakini alikata kushoto, akaingia uwandani.

Gamba likapasuka. Pikapu ikazama hadi ekseli.

"Kaka, kuegesha umeegesha," alisema Nola akichungulia dirishani. "Sasa tuambie tunashukia wapi."

Walichimba kwa beleshi, wakakata vichaka na kuvilaza chini ya matairi. Tope lilivimeza vichaka kama ng'ombe mwenye njaa. Adhuhuri Thurl aliweka jeki juu ya ubao, akajilaza ubavuni kuitazama ikipanda. Ubao ukateleza. Gari lilishuka juu ya mguu wake, naye akapiga ukelele ambao Arletta hakuwahi kuusikia katika maisha yao yote ya ndoa.

Kumchimbua kulichukua muda mrefu. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, na ngozi imechanika. Walimfunga kwa shati lake na mpini wa beleshi. Hapo ndipo Arletta alipokumbuka maji. Dumu lilikuwa limeanguka gari lilipotikisika, na tope lilikuwa limekwisha kuyanywa.

"Nani aliacha mfuniko wazi?"

"Mimi, wifi. Nilinawa mikono. Utanichapa tukifika nyumbani."

Ilibaki chupa moja na kahawa kidogo. Simu zilikuwa zimepoteza mtandao tangu walipoiacha lami, na hakuna aliyewatarajia nyumbani kabla ya mwisho wa juma. Thurl, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kupauka, aliwatazama mmoja mmoja.

"Mbona mnanitazama kama maiti? Maji yapo. Yameandikwa kwenye nguzo."

Ni kweli. Miaka yote hiyo Arletta alikuwa ameyapaka rangi maneno ya mhamiaji asiyejulikana jina, yaliyochongwa kwenye bamba: *Chemchemi iko chini ya jabali jeusi. Maji yanachemka. Yapoozeni kabla ya kuwanywesha maksai.* Aliyajua kwa moyo, wala hakuwahi kwenda kuitafuta hiyo chemchemi. Maneno yalikuwa yamemtosha.

Akamwachia Nola mgonjwa, akaondoka na dumu tupu. Uwandani kila hatua ilizama. Ndani ya mifuo ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, imeshindiliwa na uzito wa kwato na magurudumu. Akatembea humo. Aliipita nguzo bila kusimama. Jua lilikuwa limeinama alipofika penye jabali, akaona mvuke, kisha bomba la mfugaji likitiririsha maji kwenye hori la ng'ombe. Alikunywa ya hori, yaliyokwisha kupoa, yenye harufu ya kiberiti na ladha ya ng'ombe. Akajaza nusu ya dumu, maana zaidi ya hapo mabega yake yasingeweza, akarudi njia ile ile akilibadilisha mkono kwa mkono hadi mikono yote miwili ikawa si yake.

Asubuhi Thurl alikuwa na homa. Alimwita Arletta kwa jina la mama yake. Mguu ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu hadi gotini.

"Huyu hataiona kesho, wifi," alisema Nola, na safari hii hakuwa na mzaha.

Arletta akarudi kwenye hori, kwa kuwa mwenye ng'ombe hakosi kuja kuwatazama. Jua lilipokuwa limepanda juu alikuja: mzee Arrizaga, mfugaji mwenye asili ya Wabaski wa Hispania, na pikapu yenye kutu. Alimsikiliza hadi mwisho, huku akimkagua.

"Nakukumbuka, mama. Ni wewe uliyenifokea mwaka juzi kwa sababu ndama wangu walikanyaga mifuo yenu."

"Ni mimi."

"Uliniita mshenzi."

"Nilikuita."

"Haya. Uwanda ni tope, barabara imeliwa. Nipite wapi?"

Arletta alitazama mistari ile miwili ikinyooka hadi isionekane tena.

"Pita humo humo."

"Nitaiharibu."

"Nimekusikia. Endesha, bwana."

Mzee aliendesha polepole, kwa adabu ambayo hakuna aliyemdai. Hata hivyo kingo zilibomoka chini ya matairi, na Arletta alizisikia zote. Walipofika, Thurl aliinua kichwa, akaitazama njia nyuma ya gari.

"Amepita wapi huyu?"

"Amepita angani, kaka," alisema Nola akimshika kwapani. "Nyamaza, tukubebe."

Hospitalini waliuokoa mguu, ingawa ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Chama kiliwaondoa katika kazi ya kuitunza nguzo, nao hawakubisha. Bado huenda huko kila mwaka, wakiwa na maji ya kutosha na kikapu cha mikate kwa ajili ya mzee Arrizaga. Arletta ndiye anayeendesha.