Pikipiki ya Rawya

Rawya alimpasua Thabit nyusi kabla hajamjua jina. Ilikuwa Wadi Kabir, mjini Maskati, Alkhamisi alasiri, maduka ya vipuri yamejaa mpaka watu wanapitana ubavu kwa ubavu. Rawya alikuwa amebeba bomba la moshi la pikipiki begani, mikono ya abaya ameikunja mpaka viwiko, anagombana na muuzaji. Muuzaji akamwambia, "Dada, mlete mumeo tuelewane." Rawya akageuka kwa hasira, na bomba nalo likageuka naye. Paa! Thabit akajikuta amekaa juu ya gunia la bolti, damu inachuruzika kwenye kanzu aliyoipiga pasi asubuhi ile.

"We mwanamke! Unaua!"

"Na wewe umesimama hapo unafanya nini?"

"Nangoja zamu yangu!"

"Pole, basi. Hebu nikutazame, mimi daktari."

"Daktari wa nini?"

"Wa meno."

"Kwani nyusi yangu ina meno?"

Duka zima likacheka. Rawya akakikandamiza kile kidonda kwa ncha ya mtandio wake wa zambarau uliofukizwa udi, na Thabit, jamani, mtu mzima na ndevu zake, akatamani damu isikatike upesi.

"Hilo bomba la nini?" akauliza.

"La pikipiki yangu ya mchangani."

"Ya kaka yako?"

"Nimesema yangu. Nikupasue na ya pili?"

"La, la, inatosha! Ila hilo halitaingia, limezidi unene. Mimi nna gereji mtaa wa Ghala. Ilete, tuitazame."

Ilikuja Ghala Ijumaa, nyuma ya pikapu, na Thabit alipoiona akashika kichwa. Kutu tupu. Cheni imeganda, kiti kimeliwa na panya, tangi limebonyea pembeni kama limepigwa. Na kweli lilipigwa. Nakwambieni mapema ili msiniulize baadaye: pikipiki ile Rawya alinunuliwa na baba yake, Mzee Zahor, alipokuwa msichana, na baba na binti walikuwa wakishindana kwenye vilima vya mchanga vya Bausher. Kisha akaposwa na Hamoud, mtoto wa ami yake. Mtoto wa ami kwa watu hawa anajiona ana haki kabla ya mtu yeyote, na Hamoud alijiona ana haki kupindukia. Pikipiki akaitupa nyuma ya nyumba, ikapigwa jua na chumvi. Siku Rawya alipoomba kuipanda, Hamoud akachukua nyundo akalipiga tangi, kisha akaiweka nyundo chini akampiga mkewe kwa mkono.

Alipoachika, Rawya hakuchukua kochi wala kijiko. Alichukua pikipiki tu. Na alijiapia kitu kimoja: hatakaa tena kwenye nyumba ambayo mlango ukifunguliwa moyo wake unaruka. Akiolewa tena, ataolewa na mtu asiyemtisha. Asipopatikana, basi atakaa kwa baba yake mpaka azeeke, na sisi majirani tuseme tutakavyosema.

Maskati baridi ndiyo msimu wa kazi za mikono. Joto likiingia hata spana huishiki. Basi kila Ijumaa baada ya sala Rawya akija Ghala, abaya ameivua, amevaa ovaroli ya buluu na mtandio kaufunga nyuma ya shingo. Mlango wa gereji wazi, na Mzee Zahor garini mbele ya mlango na chupa yake ya kahawa, analinda heshima. Heshima yenyewe akiilinda kwa kukoroma.

"Nipe hiyo kabureta," Rawya akasema siku moja. Akatoa mkobani sindano yake ya kukwangulia meno, akaanza kuzibua vile vitundu vyembamba.

Thabit akatoa macho. "Hiyo si ndiyo unayowatia watu mdomoni?"

"Hii ya zamani. Ila wewe ukija kwangu nitakutafutia hii hii."

"Nyinyi ambao wazee wenu walikuja huku Omani kutoka bara hamna huruma."

"Na nyinyi Waunguja maneno matamu tu, kazi haiendi. Kaza hiyo bolti!"

Simu nazo zikaanza. Mwanzo za kazi, kisha za visingizio.

"Haloo, daktari. Mgonjwa wetu leo kakohoa."

"Kakohoa bila mimi? Thabit, nitakuua!"

"Kidogo tu, kisha kanyamaza. Nadhani kakukumbuka."

"Nani kanikumbuka, pikipiki?"

"Pikipiki na jamaa zake."

Rawya akacheka mpaka mgonjwa wa kweli, aliyekuwa kitini na pamba mdomoni, akageuza shingo kumtazama. Alikuwa amependa, na alijua. Kilichomfurahisha kuliko vyote ni kwamba Thabit alipoangusha chuma kikalia, yeye hakushtuka.

Hamoud alipata habari, maana Maskati ni mji mkubwa wenye masikio madogo madogo kila pembe. Akampigia Thabit simu. "Yule ni mke wangu," akasema. "Nilimwacha talaka moja, nikamrejea ndani ya eda, mashahidi nnao. Wewe unakaa na mke wa mtu."

Na Thabit, badala ya kuuliza, akaamini. Kalelewa hivyo: mke wa mtu humsogelei, wala humuulizi mambo ya nyumba yake. Akaifunika pikipiki turubai, akaacha kupokea simu. Rawya akapiga na kupiga. Wiki ya tatu hakuvumilia tena, akaenda Ghala katikati ya siku ya kazi na koti lake jeupe la hospitali, akaupiga mlango wa bati teke.

"Nimekufanya nini mimi?"

"Rudi kwa mumeo, Rawya."

"Mume gani?"

"Hamoud kasema kakurejea."

Rawya akashika spana akaivurumisha ukutani, ikapita karibu na sikio la Thabit. "Kaniacha mara tatu! Tatu! Ya tatu mbele ya baba yangu, na mdomo wangu unatoka damu! Atanirejea vipi? Mtu mzima wewe, hujui hata dini yako?"

"Hakusema tatu..."

"Ungeniuliza mimi! Mimi nipo, nna mdomo!"

Thabit akainama. "Niliogopa utasema ni kweli. Wallahi nisamehe. Silali, sili. Nakupenda mpaka naona aibu."

"Shauri yako," Rawya akasema huku machozi yanamtoka. "Ondoa hilo turubai."

Ijumaa iliyofuata wakaimaliza. Tangi limenyooshwa na kupakwa rangi nyekundu, cheni mpya, kiti kipya. Rawya akapanda, akapiga kiki mara moja, mbili, tano, na ya sita ikaunguruma mpaka Mzee Zahor akaamka garini akidhani ni vita.

"Nataka nije kwa Ami Zahor kukuposa," Thabit akapaza sauti juu ya mlio.

"Nini?"

"Nakuposa!"

Rawya akazima injini ili asikie vizuri, anacheka. Hapo ndipo Hamoud alipoingia na mtaimbo.

Pigo la kwanza likashuka kwenye tangi, rangi nyekundu ikaruka vipande. La pili alimlenga Rawya, na Thabit akaweka mkono katikati. Mfupa ukalia, wote wakausikia. Thabit akamrukia kwa kichwa, wakaanguka juu ya ndoo ya oili, wakabingirika. Mtaimbo ukamtoka Hamoud. Thabit akamkalia kifuani, akampiga kwa mkono uliobaki mzima. Pua ikavunjika.

"Basi!" Hamoud akalia. "Basi, nimekoma!"

Thabit akapiga tena.

"Thabit, basi!" Rawya akapiga kelele. "Kakoma! Mwache!"

Akapiga tena. Jino likatoka likaanguka kwenye oili. Hamoud hakuwa akijikinga tena, mikono kainyoosha sakafuni, na kila pigo kichwa chake kikigonga saruji. Mzee Zahor garini akabana honi hakuiachia. Rawya akaita jina la Thabit, akaita, akamvuta shati mpaka likachanika. Thabit hakusikia. Ikabidi mafundi wa gereji ya jirani waje watatu kumng'oa, na hata hewani bado anarusha mateke.

Rawya akapiga magoti, akamgeuza Hamoud ubavu asipaliwe na damu, akamsafisha mdomo kwa vidole. Mtu aliyemchukia kuliko wote duniani, na mikono yake ndiyo iliyomweka hai mpaka gari la wagonjwa likaja.

Hamoud hakufa. Wazee wa pande zote walikaa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuja na chuma, aliacha kushitaki, akaapa mbele yao hatalitaja jina la Rawya maisha yake. Kwa hivyo njia ilikuwa nyeupe. Thabit akaenda kwa Mzee Zahor pamoja na ami zake, kanzu mpya, mkono umefungwa plasta, akaposa kama inavyotakiwa. Mzee Zahor akampokea vizuri.

"Mimi sina neno, mwanangu," akasema. "Mara ya kwanza nilimjibia mimi, na nilikosea. Safari hii atajibu mwenyewe."

Jibu Rawya alilipeleka Ghala kwa miguu yake. Pikipiki ilikuwa pale, tangi limebonyea upya. Thabit alikuwa anajaribu kulinyoosha kwa mkono mmoja.

"Nilikuwa nakulinda wewe," alianza, kabla hajaulizwa.

"Najua. Mkono wako umevunjika kwa ajili yangu, sitasahau mpaka nazikwa. Lakini alipolala akasema amekoma, hapo ulikuwa unamlinda nani?"

Thabit akaliachia tangi. "Sijui," akasema. "Sikukusikia, Rawya. Wallahi sikukusikia."

"Hilo ndilo linaloniua."

"Sijawahi kumpiga mtu maishani mwangu."

"Nakuamini."

"Wewe sitakugusa hata siku moja. Naapa."

"Nakuamini pia. Nakupenda, Thabit, msikilize anayekwambia, nakupenda mpaka usiku nauma mto." Akajifuta machozi kwa mkono uliokuwa umeshika cheni ya pikipiki, na oili ikabaki shavuni.

Thabit akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akainua mkono wake mzima kumfuta.

Rawya akaruka nyuma na kujikinga uso kwa mikono yote miwili.

Gereji ya jirani walikuwa wanakata bati. Rawya akaishusha mikono yake polepole, akaitazama kana kwamba si yake, kisha akamtazama Thabit, na Thabit alikuwa analia.

"Umeona?" Rawya akamuuliza.

"Nimeona," Thabit akasema, na akarudi nyuma hatua tatu ili Rawya apite arudi kwa baba yake.